"Kwani nani anaangalia midomo?" Huyu fundi wa podikasti amuombe bibi radhi leo hii

Mzalendo_wa_Uporoto (mleta uzi):

Wakuu kamwene. Naandika mikono inatetemeka, mnisamehe herufi.

Mnamjua. Simtaji jina, uzi utafungwa. Yule wa taa ya duara, wa "kazi zangu ni za kimataifa". Leo saa nne asubuhi kakabidhi flashi ya kipindi cha kilimo, dakika 58, mgeni ni bibi mkulima wa viazi. Nikaangalia dakika ya kwanza, safi kabisa, nikatoa hela yote. Dakika ya 20 unaanza kujikuna. Dakika ya 50 mdomo wa bibi umeshashuka Mafiati hapa Mbeya, sauti bado iko mlima Kitonga kule Iringa nyuma ya lori la saruji, inapanda kwa gia namba moja. Bibi mwenyewe kasimama pale, kaja na wajukuu wawili kujiona, kavaa kilemba kilekile alichokifunga siku ya kurekodi. Fundi anaulizwa mbona sauti inachelewa, anajibu mbele yake: "Kwani nani anaangalia midomo?"

NANI ANAANGALIA MIDOMO. Kwenye VIDEO.

Podikasti ingekuwa ya kusikiliza tu kama zamani, sawa. Watu wamehamia kwenye kioo! Google wenyewe wamefunga Google Podcasts mwaka 2024, watu wakaelekezwa YouTube Music. Februari 2025 YouTube wakatangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 1 kwa mwezi wanafuatilia podikasti kwao. Hao bilioni wanaangalia nini, magoti?

Na ugonjwa wenyewe unajulikana, si uchawi. Simu hairekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa mwendo mmoja: ikipata joto au mwanga ukipungua, fremu 30 kwa sekunde zinakuwa 27, zinarudi 29. Rikoda ya sauti nayo inakwenda kwa saa yake. Ukivilaza pamoja kwenye programu ya kuhariri, mwanzo vinalingana, mwisho vimeachana. Dawa: video ipitishwe kwanza HandBrake, programu ya kubadili video, uchague fremu 25 kwa sekunde zisizobadilika, ndipo ukate. Rikoda iwe 48 kHz (vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde) tangu mwanzo, ndiyo ya video, 44.1 waachie watu wa muziki. Na kofi lipigwe mbele ya kamera mara mbili, kipindi kikianza NA kikiisha. Kofi la mwanzo linapanga sauti na picha, la mwisho linakuonyesha umepotea kiasi gani. Hapa upotevu ni fremu 18, yaani sekunde 0.72 ndani ya sekunde 3,480. Ongeza kasi ya sauti iwe asilimia 100.02, imekwisha. Dakika tano za kazi! Hakupiga hata kofi la kwanza.

Viwango vya utangazaji vya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, vinasema sauti ikichelewa milisekunde 125 mtu anaanza kugundua. Hiyo ni kama fremu 3. Ikitangulia, 45 tu zinatosha. Huyu yuko 18, na bado: "Nani anaangalia midomo?" Bibi akainamisha kichwa.

Kandambili_Soweto:
Pole mkuu, ila na wewe umelala. Hela yote umetoa ukiangalia dakika ya kwanza tu? Kazi ya video inakaguliwa mwanzo, katikati na mwisho kabla pochi haijafunguka. Tena mwisho ndiyo uanze nao.

Mnyalu_Kihesa:
Wenu anachelewesha sauti tu, shukuruni. Wa huku Iringa picha nzima ina mistari myeusi inapanda kama siafu. Umeme wetu ni 50 Hz (mawimbi 50 kwa sekunde), taa za LED za bei poa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Yeye kaseti fremu 30, shata (muda kamera inaofunguka kwa kila fremu) sekunde 1/60, kama yuko Marekani kwenye umeme wa 60 Hz. Weka fremu 25, shata 1/50. Mwanga ukizidi, 1/100. Mistari inakufa papo hapo. Kaambiwa, kajibu "hiyo ni efekti". Efekti ya siafu!

Mzalendo_wa_Uporoto:
Sawa Mnyalu, lakini siafu hawajamtukana mtu mzima. Huyu kasema nani anaangalia midomo, bibi anasikia.

Chai_ya_Rungwe:
Huku Tukuyu kuna mwingine mwezi wa saba alimvisha mgeni maiki ya kubana NDANI ya koti la nailoni. Saa nzima ni kama mtu anakula karanga ndani ya mfuko wa rambo. Baridi tunaijua, watu hawavui makoti, basi bana maiki NJE, kifuani, shubiri moja kutoka kidevuni, waya uufunge kitanzi kidogo chini yake usivute. Au tumia maiki ya mezani inayosikia karibu tu, umbali wa ngumi moja, ipandishwe kutokea chini ya kidevu. Zamani ya redio ulikuwa unaiweka popote. Kwenye video ukiiweka mbele umeziba uso, na mleta uzi hataona midomo kabisa.

Kandambili_Soweto:
😂😂😂 Bora asingeiona.

Mzalendo_wa_Uporoto:
Kandambili naomba uheshimu, yule ni mama wa watu.

Fundi_Kabwe:
Mnamwonea jamaa. Wateja nao! Mtu anakuja na kadi ya GB 32, nusu ni picha za harusi ya shemeji yake, anataka urekodi saa mbili kwa kamera tatu. Kamera nyingi za zamani zinazima zenyewe dakika ya 29 na sekunde 59, ukisahau kubonyeza tena umepoteza mgeni. Halafu anataka studio yenye bati tupu mwezi wa pili. Mvua ya Mbeya kwenye bati haichujwi na programu yoyote bila kuua sauti ya mtu, kwa sababu kelele yake imelala juu ya masafa yaleyale ya maneno. Jenereta unaweza kukata mngurumo wa chini ya 80 Hz ukapumua. Mvua unasubiri iishe.

Mzalendo_wa_Uporoto:
Hakukuwa na mvua. Kulikuwa na jua na mdomo.

Dada_Makambako:
Mnapigania midomo, bando la msikilizaji hamlitaji. Saa moja ya sauti kwa 128 kbps ni MB 58 hivi. Saa hiyohiyo ya video ya 1080p kwa 8 Mbps ni GB 3.6 za kupandisha. Ya 720p kwa 5 Mbps ni GB 2.25, na watu wawili wanaongea mezani haina ubaya wowote. Mkulima wa Ludewa aliyekuwa anawasikiliza akipalilia mnamfukuza kwa nini? Video iende YouTube, na sauti ibaki kwenye mlisho wake wa RSS, ule unaopeleka vipindi kwenye programu za kusikilizia, kama kawaida. Msifanye uvivu wa kuunganisha RSS na YouTube mkasema mmehamia video: inatengeneza picha moja iliyoganda juu ya sauti, mtu anafungua anaondoka.

Na sauti ya video msiisukume sana, YouTube inashusha yenyewe hadi karibu na -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiisukuma zaidi unaipondaponda bure.

Mnyalu_Kihesa:
Dada umenena. Ongeza vipande vifupi. Tangu Oktoba 2024 Shorts, zile video fupi za YouTube, zinafika dakika 3, za kusimama. Kwa hiyo wakati wa kurekodi mkalishe mgeni katikati ya fremu, ukikata wima asibaki sikio. Maandishi chini ni lazima, watu wanaangalia ndani ya daladala bila sauti. Na ukigawa video kwa sura kwenye maelezo yake YouTube, ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, kila moja sekunde 10 kwenda mbele, vinginevyo hazitokei.

Chai_ya_Rungwe:
Sikio moja! Yule wa harusi ya Januari ndiye alimkata mama wa bibi harusi akabaki sikio na hereni.

Fundi_Kabwe:
Wa harusi si huyu. Wa harusi ana pikipiki nyekundu.

Kandambili_Soweto:
Mwenye pikipiki nyekundu ana spika yangu tangu mwaka jana! Anakaa wapi siku hizi?

Chai_ya_Rungwe:
Kahamia Tunduma. Spika isahau.

Mzalendo_wa_Uporoto:
Wakuu turudi kwenye mada. Video nimeinyoosha sasa hivi, 100.02, midomo imekaa. Lakini radhi BADO hajaomba. "Nani anaangalia midomo." Mbele ya wajukuu.

Dada_Makambako:
Mkuu hongera. Huyo bibi viazi vyake ni vya aina gani? Gunia anauzaje?

Mzalendo_wa_Uporoto:
Vyekundu, vya chipsi. Ameelezea dakika ya 41.

Fundi_Kabwe:
Mimi niandikie magunia mawili, nipo Uyole kesho asubuhi.