Masjala imelimeza jalada la marehemu baba, halafu naambiwa "jalada linatembea"

Wakuu, leo nimekuja na povu. Usiyejisikia kusoma pita kimya kimya.

Mimi ndiye msimamizi wa mirathi ya marehemu mzee wetu. Ile barua ya mahakama iliyoniteua ililowa mvua zilipoingia ndani huku Mbagala, maji yakafika hadi uvunguni, wino wote ukachuruzika. Benki wanataka nakala yenye muhuri. Nikasema hilo dogo: namba ya shauri ninayo, jalada litatolewa, nitagongewa muhuri, adhuhuri nipo nyumbani.

Leo ni mara ya nne naenda masjala, pale mahakama inapotunza majalada. Mara ya kwanza jalada "lipo kwa hakimu". Ya pili karani aliyelishika yupo likizo. Ya tatu, funguo. Leo nimefika saa mbili kasoro, nikamwamkia mama wa dirishani, akaitikia vizuri tu, akafungua rejesta. Kidole kikashuka mstari kwa mstari hadi kwenye jina la mzee. Limo, wakuu! Kuingia limeingia, kutoka hapajaandikwa kitu. Mama akafunga rejesta: "Mwanangu, jalada linatembea. Vuta subira."

Linatembea kwa miguu ya nani?

Na pale dirishani ndani kunaonekana. Majalada yamerundikwa sakafuni mpaka usawa wa goti, moja limewekewa chupa ya chai juu, tegi, kile kiuzi cha kufungia karatasi, imekatika, karatasi zinaning'inia nje kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Hayo ni maisha ya watu yale. Kuna nyumba mle, kuna talaka, kuna mtoto anayegombewa.

Kilichonichefua zaidi ni kijana mmoja, hawa vishoka wa bahasha ya kaki kwapani. Kanisogelea: "Bro, masjala maana yake stoo. Kitu kikiingia stoo kukipata ni bahati." Halafu anataka elfu hamsini ili "alitafute".

Stoo?? Hapo ndipo nilipopandisha. Madrasa nilicharazwa vya kutosha, nikatoka na Kiarabu cha kuombea maji, lakini hili nalijua. Masjala ni ndugu wa kusajili. Ukisajili laini ya simu, Simba na Yanga wakisajili wachezaji, mzizi ni huo huo: kuandika jambo ili lisipotee. Humo imo pia sijili, daftari la kadhi, na neno hilo limo katika Suratul Anbiyaa aya ya 104, pale mbingu zinapokunjwa kama karatasi ya maandishi. Waarabu wenyewe walilipata kupitia Kigiriki, na asili yake Kilatini, sigillum, yaani muhuri mdogo. Muhuri! Kitu kile kile ninachokililia mara nne kimo ndani ya jina lililobandikwa juu ya mlango wao.

Sijili za makadhi wa Jerusalem za karne ya 16, enzi za Waturuki, zinasomeka hadi leo. La mzee wangu ni la 2019.

Jalada nalo lisingiziwe kutembea? Asili yake ni Kiarabu, jild, ngozi, kwa sababu vitabu vilifunikwa kwa ngozi. Ndiyo maana fundi wa vitabu tunasema anajalidi. Mjeledi nao umetoka humo humo, maana unatua kwenye ngozi, na kwa hizi safari nne nimeshaelewa kwa nini maneno haya ni ndugu.

Wale wanaopenda kuita "faili" wasidhani wamepona. Faili ni Kiingereza kilichotoka Kilatini, filum, uzi. Makarani wa mahakama za Uingereza zamani walitoboa karatasi wakazitunga kwenye uzi au waya, kama mtungo wa samaki pale Feri. Hakuna karatasi iliyotoka bila mtungo kufunguliwa. Kwa hiyo nafungua uzi kuulilia uzi, chekeni tu.

Yule mama simlaumu sana. Yupo peke yake na feni moja mbovu. Namlaumu aliyetoa jalada bila kusaini rejesta, na nina wasiwasi huyo na yule kishoka wanakunywa chai kikombe kimoja.

Sasa wanasheria wa humu: nakala ya fomu ya maombi ninayo, risiti za ada ninazo, muhtasari wa kikao cha ukoo nao upo, haukulowa. Nikimwandikia hakimu mfawidhi barua kuomba jalada lijengwe upya kwa nilivyo navyo, inakubalika? Na nani agongee muhuri nakala ya barua yangu kuonyesha wameipokea, maana nayo inaweza kuanza kutembea.

Jumatatu narudi. Nimepitia Kariakoo nikanunua tegi, pakiti nzima. Namwachia mama.