Kina cha GEBCO kwenye ramani ya mitambo ya upepo baharini: niuamini ulaini huu?

Mshale_Kaskazi:
Wakuu, naomba msaada. Natengeneza ramani ya mtandaoni ya kuchuja maeneo ya kujenga mitambo ya upepo baharini, kwa data huria peke yake. Kina nimetoa GEBCO (ramani huria ya kina cha bahari zote duniani), upepo wa kimo cha mita 100 nimetoa Global Wind Atlas, nikaongeza mipaka ya hifadhi na nyendo za meli za AIS (mawimbi ya redio ambayo meli hutuma kuonyesha ilipo). Penye kina cha zaidi ya mita 60 nimepafuta pote, maana misingi ya kusimama sakafuni inakuwa ghali mno. Limebaki eneo moja: mita 40 hadi 45, upepo mzuri, meli hakuna. Ila sakafu yake ni laini ajabu, haina hata tuta. Niamini?

Nanga_Mbili:
Mkuu, shaka yako ishikilie. Mimi nilipoteza wiki sita kwenye eneo kama hilo, na nilishawaonyesha watu, ndipo nikafungua faili la TID linalotolewa pamoja na gridi ya GEBCO. Humo kila pikseli ina namba ya asili yake. 11 ni sona ya mihimili mingi, yaani kina kilichopimwa kweli kwa mwangwi wa sauti. 40 ni kina kilichokisiwa kutokana na mvutano wa dunia uliopimwa kwa satelaiti. 41 ni kompyuta imejaza pengo kati ya vipimo. Eneo langu karibu lote lilikuwa 41! Ulaini niliousifia haukuwa wa bahari, ulikuwa wa hesabu.

Basi TID iwe tabaka la wazi: mtu akibofya, aone kina na asili yake papo hapo. Na kumbuka pikseli ni sekunde 15 za tao, karibu mita 450 kwenye ikweta. Mwamba mdogo unamezwa hata palipopimwa.

Halafu AIS. IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, inaidai kwa meli za safari za kimataifa za kuanzia tani 300. Mashua nyingi za uvuvi hazina. Usiandike "hakuna matumizi" kabla ya kuwauliza wavuvi wenyewe. Hili naliona zito kuliko kina.

Tao_la_Pwani:
Ukubwa wa eneo unaupima kwa projeksheni gani, yaani namna gani ya kulaza dunia duara kwenye ramani bapa? Kwa Web Mercator, ile ya ramani nyingi za mtandaoni, kwenye latitudo 60 unapata mara nne ya ukubwa halisi. Na hiyo mita 60 usiifanye ukuta, weka kitelezi mtumiaji achague kina mwenyewe. Mitambo ya upepo ya Hywind Scotland inaelea tangu 2017 kwenye kina cha karibu mita 100.

Mshale_Kaskazi:
Nimefungua TID. 41 tupu, na mstari mmoja mwembamba wa 10 (sona ya mhimili mmoja) ukingoni. Nimelihamishia kwenye kundi la "yanasubiri kupimwa". Nanga, penye 40 na 41 wewe unapaonyeshaje?

Nanga_Mbili:
Nafifisha rangi, kisha nachora mistari ya mshazari juu yake. Rangi iliyofifia peke yake watu wanaidhania kina kingine.