Taarifa ya ukame inatoka kila mwezi, mbona msaada unafika ng'ombe washaisha?

Boda_Garbatulla
Habarini wadau. Mimi niko Isiolo, naendesha boda lakini nyumbani ni wafugaji kabisa, mbuzi na ng'ombe kidogo waliobaki. Kuna jamaa huwa ananitumia kwa WhatsApp ile buletini ya NDMA ya kila mwezi, hii mamlaka ya ukame, nafungua naona ramani ina rangi, mara kaunti iko kawaida, mara tahadhari, mara tahadhari na hali inazidi kuharibika. Sawa nimesoma. Sasa nifanye nini? Maanake ule ukame wa 2020 kuendelea mvua ilikataa misimu mitano mfululizo na buletini zilikuwa zinatoka tu kila mwezi vizuri kabisa, na mizoga ilikuwa imelala kando ya barabara ukitoka huku mpaka Modogashe. Kwa hivyo nauliza wale mnaijua hii kazi, hiyo rangi huwa inaamuliwa vipi, ikishafika tahadhari nani anafaa kuamka, na mimi na mzee wangu huku chini inatusaidia nini? Siasa tafadhali wekeni kando.

dada_wa_lishe
Kaka pole na swali lako ni la maana sana. Nimewahi kuzunguka na hizo fomu kwa hivyo wacha nikueleze vile huwa. Kuna vijiji vimechaguliwa, na mtu wa hapo hapo kijijini anaenda kwa nyumba zile zile kila mwezi anauliza maji yako umbali gani saa hii, ng'ombe wanatoa maziwa vikombe vingapi, mnakula mara ngapi, halafu anapima watoto mkono na ule utepe wa rangi. Mkono ukiwa chini ya milimita 125 huyo mtoto ana utapiamlo, chini ya 115 ni hali mbaya kabisa anafaa kupelekwa matibabu mara moja. Hayo yanachanganywa na picha za setilaiti zinazoonyesha majani yako kijani kiasi gani kwa alama za 0 mpaka 100, ikishuka chini ya 35 wanahesabu ni ukame, chini ya 10 ni balaa. Sasa siri ni hii, ile rangi ya ukurasa wa kwanza usiisubiri, nenda ndani utafute bei ya mbuzi na bei ya mahindi. Chukulia mbuzi ni elfu 4 na mahindi ni 80 kwa kilo, mbuzi mmoja anakupa kilo 50. Mbuzi akishuka mpaka 2,400 na mahindi yapande 100, mbuzi yule yule anakupa kilo 24. Hapo mtoto bado hajakonda, rangi bado ni ya tahadhari, lakini nyumba ishaanza kuanguka. Mimi nikiona hizo bei mbili zinaachana miezi miwili mitatu mfululizo najua kuna kazi inakuja.

Mchungu_Kidogo
Dada umeeleza vizuri ila jamaa ameuliza nani anafaa kuamka na hapo ndio penye shida. Onyo halijawahi kukosekana. Angalia Somalia, mwaka 2010 wataalamu walisema mapema kabisa La Niña, ile hali ya bahari ya Pasifiki kupoa inayotukatia mvua huku, inakuja na mvua za Oktoba zitafeli, wakarudia, wakarudia tena, wenye pesa wakakaa. Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa tarehe 20 Julai 2011 na ndio pesa zikaanza kumwagika, na kufikia hapo watu wengi sana walikuwa washazikwa. Hesabu iliyofanywa baadaye ilisema karibu watu 258,000 walikufa na nusu yao ni watoto wa chini ya miaka 5.

Na mjue hilo neno baa la njaa lina masharti. Kwa ile ngazi ya kimataifa ya kupima njaa, IPC, yenye hatua 5, ili eneo lifike ya 5 lazima nyumba 20 kwa kila 100 ziwe hazina chakula kabisa, watoto 30 kwa kila 100 wawe wamekonda, na watu 2 kwa kila 10,000 wawe wanakufa KILA SIKU. Yaani kigezo kimojawapo ni maiti, halafu mtu ako ofisini anasema tusubiri tuone kama itatangazwa. 2017 walijaribu kutoa pesa mapema kidogo na baa halikutangazwa, kwa hivyo inawezekana. 2022 huko Baidoa ilibaki kidogo tu, haikutangazwa, na bado makadirio ni watu 43,000 walikufa Somalia mwaka huo. Sasa hiyo ni afadhali?

Alafu Januari 2025 Marekani ilipofunga mabomba ya misaada hata ule mtandao wao wa kuonya njaa mapema, FEWS NET, ulizimwa miezi kadhaa. Umekuwepo tangu 1985 baada ya ile njaa ya Ethiopia. Ukizima king'ora moto hauzimiki.

Mzee_wa_Longido
Aisee wakuu, huku Tanzania nasi tuna MUCHALI, mfumo wa kuchambua uhakika wa chakula na lishe, timu zinakwenda wilayani zinatathmini, na chakula cha akiba kiko NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, kinashushwa kwa bei nafuu wilaya ikizidiwa. Sisemi mfumo ni mbaya. Ila niongee na huyu kijana wa boda kama mfugaji mwenzake. Ukame wa 2009 huku kwetu ulifagia, watu walikuwa na zizi limejaa wakabaki na fimbo. Na si kwamba hawakuambiwa. Mifugo haiuzwi kirahisi bwana, ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni ada ya shule, ukimwambia mzee auze kumi mwezi wa nane wakati bado wamenona anakuona wewe ndiye mkosi. Akija kukubali ni mwezi wa kwanza, kila mtu yuko mnadani, mnunuzi anazunguka anacheka anataja bei ya kuku.

Cha kufanya, uza madume na vikongwe mapema, bakiza majike machanga ambayo ndiyo yatakurudishia zizi. Pesa usiiweke mfukoni, nunua mahindi na pumba wakati bado bei iko chini. Na mzee wako usimpelekee PDF. Mkalishe na yule mzee anayesoma utumbo wa mbuzi au nyota, muulize yeye anaona nini. Nimeona mara nyingi wanakubaliana na hao wa hali ya hewa na hapo baba anauza bila ugomvi.

Boda_Garbatulla
Mzee umenichekesha na bei ya kuku lakini ni ukweli mtupu. Huyo wa utumbo yuko, ni mjomba wa mama. Sasa dada wa lishe, na serikali? Kisima chetu genereta iliharibika katikati ya ukame, tukapiga simu tukaandika barua, spea ilikuja mvua ishanyesha. Hiyo tahadhari haikuwa imesema chochote kuhusu genereta?

dada_wa_lishe
Haswa hapo kaka. Kila kaunti ya ukame inafaa kuwa na mpango wa dharura umeandikwa, unasema ikifika tahadhari tunatengeneza visima na kuchanja mifugo, ikifika hatari tunanunua mifugo na kupeleka maji kwa lori, na kila kazi iko na bei yake. Visima ni kazi ya TAHADHARI, sio ya dharura, kwa sababu genereta ni rahisi kuliko lori la maji mara mia. Kuna kikao cha kaunti cha mambo ya ukame, ofisi zote na mashirika zinakaa, buletini inasomwa hapo. Mwambie MCA wenu, yule mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, au chifu aulize kwa hicho kikao visima vya wodi yenu viko kwa mpango au haviko, na pesa imetengwa au ni karatasi tu.

Ingine, ile pesa ya HSNP, mpango wa serikali wa kusaidia familia maskini za maeneo ya ukame, shilingi 5,400 kila miezi miwili, ilianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera lakini siku hizi Isiolo mmeingizwa. Ukame ukizidi wanaweza kuongeza nyumba zingine ambazo si za kila mara, ila lazima ziwe zimesajiliwa. Hakikisha mama yako jina liko na kitambulisho kinalingana na akaunti, hapo ndio watu hukwama wakati pesa ishafika benki.

Mchungu_Kidogo
Na kama haviko kwa mpango andikeni barua saa hii nyasi zikiwa bado zipo, mpigiwe muhuri mbaki na kopi. Pesa za ukame hupatikana wakati hakuna ukame, bajeti ikishafungwa mtaambiwa msubiri wafadhili.

Boda_Garbatulla
Shukrani wote. Kopi nitapiga picha pia niweke kwa grupu la wodi. Mzee wa Longido, hizo pumba huwa unaweka miezi mingapi bila kuingia fangasi?

Mzee_wa_Longido
Zikiwa kavu kabisa na umeinua magunia juu ya mbao, zisiguse sakafu wala ukuta, zinakaa msimu. Ukinunua kwa mashine ya kusaga tumbukiza mkono mpaka katikati ya gunia kwanza, kukiwa na joto humo ndani usichukue, hata akupunguzie.