Kigoma: mgonjwa wa figo haulizwi chochote, anaamriwa tu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Mzee wangu ana sukari na presha miaka mingi, kliniki hakosi. Anapimwa, anapewa vidonge, haya nenda. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ndiyo magonjwa yanayoongoza kuharibu figo, wala kumpima protini kwenye mkojo. Magoti yakimuuma anameza diklofenaki za dukani, na hizo nazo zinaua figo! Tumekuja kujua miguu imeshavimba. Taarifa tukapewa koridoni, watu wanapita: "Figo zimefeli, ataanza kusafishwa damu." Daktari huyo kaondoka.

Tukapewa karatasi ya chakula. Kopi imefifia, imejaa brokoli na matofaa. Mzee wa Ujiji brokoli anaipata wapi? Dagaa, migebuka, ndizi za kupika, maharage, hakuna hata kimoja kilichotajwa! Wakati ndizi na maharage vina potasiamu nyingi, na ikipanda sana kwenye damu moyo unaweza kusimama. Nesi namuuliza, ananijibu "fuateni karatasi." Angemuuliza mzee anakula nini nyumbani, angetuambia ndizi tuzikatekate, tuzichemshe, maji tumwage.

Lililonitoa machozi ni la juzi. Nesi anamfunga mashine ya presha mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili damu ipitie hapo kwenda kusafishwa. Mzee anamwambia, "Mwanangu, mkono huu nimekatazwa." Anajibiwa, "Babu tulia, niache nifanye kazi." Mkono ule haupimwi presha, hautolewi damu, hauwekewi dripu! Fistula ikiziba ni upasuaji mwingine, halafu wiki kadhaa kusubiri mpya ikomae. Mzee alikuwa sahihi, akanyamazishwa.

Ratiba nayo hivyo hivyo. Kusafishwa damu ni mara 3 kwa wiki, kama masaa manne kila mara kwenye mashine. Kuna mama anatoka Kasulu, kapangiwa zamu ya jioni. Akimaliza hakuna gari, analala kwenye benchi.

Msiniambie habari ya bajeti. Mashine ni ghali, nakubali. Kumuuliza mtu anatoka wapi ni shilingi ngapi?

Na kupandikiza figo je? Muhimbili walianza 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma 2018. Kama mzee anafaa au hafai, tuambiwe. Sisi wanawe tuko tayari kupimwa, lakini habari hizi nimezisoma mwenyewe kwenye simu.

Naandika barua kwa mganga mkuu wa mkoa. Mwenye mgonjwa Kigoma au hapo Tabora, yaliyokukuta yaandike hapa chini niyaambatanishe.