Naomba ushauri: kuvua Mombasa na wanafunzi, bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo)?

Ndugu zangu wa pwani, salaam. Nafundisha baiolojia Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Desemba, shule zikifungwa, nataka kupeleka wanafunzi 9 Mombasa wavue kwa mshipi, wapime samaki na kupasua matumbo waone wamekula nini. Ziwani tumeshazoea. Juzi tulitoa kijiwe cha sikio la mputa (nyinyi mnamwita sangara), cheupe kama punje ya mahindi, tukakisugua kwa msasa hadi miviringo ikaonekana. Kila mtoto akaihesabu kujua umri wa samaki!

Kinachonitatiza ni kupwa na kujaa, ziwa letu halina habari hiyo. Mwaka jana nilifika ufukweni saa 4 asubuhi na chambo changu, maji yamekwenda zake, mashua imelala ubavu mchangani. Nahodha akacheka tu. Sasa ninalo jedwali la kupwa na kujaa la Kilindini, bandari ya Mombasa, na najua Desemba ni kaskazi (msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki).

Je, kwa watoto wanaotaka kuvua samaki aina ya changu na pia kutembea mwambani, mngechagua siku za bamvua au maji mafu? Na kijiwe cha changu nikitoe kupitia mashavuni, au nipasue fuvu?