Mzawa aliyezaliwa Kinshasa: je, ligi ya Kanada iache kuwatengea nafasi wachezaji wa nyumbani?

Mleta mada (Winnipeg)

Wakuu, heshima kwenu. Hoja hii nimekaa nayo muda mrefu, leo naiweka mezani.

Tarehe 20 Novemba 2022 mimi na mwanangu tulikuwa sebuleni, jezi za Winnipeg Blue Bombers mwilini, tukisubiri timu yetu ibebe Kombe la Grey, yaani ubingwa wa ligi ya futiboli ya Kanada, kwa mara ya tatu mfululizo. Fainali ilipigwa Regina, mpinzani Toronto Argonauts. Dakika za lala salama kwotabeki wetu (mrusha pasi mkuu) Zach Collaros akarusha pasi, akatokea mlinzi wa Toronto, Henoc Muamba, akainyaka. Tulipata nafasi moja tena, teke la mwisho la kutafuta pointi likazuiwa. 24 kwa 23, kombe likaenda Toronto. Muamba akabeba tuzo mbili usiku huohuo: mchezaji bora wa fainali, na Mkanada bora wa fainali.

Mwanangu alilia. Mimi nilinyamaza, moyo umegawanyika. Aliyetumaliza ni mtoto wa Kinshasa, na ni sisi Winnipeg tuliomchagua wa kwanza kabisa mwaka 2011, mbele ya vijana wote waliotoka vyuoni mwaka ule.

Kwa wasioujua mchezo huu: ni futiboli ya kubeba mpira mkononi, ndugu wa ule wa Marekani. Timu ni 9. Kila upande una watu 12, uwanja una urefu wa yadi 110, na unapewa majaribio 3 ya kusogea yadi 10. Wamarekani wana watu 11, yadi 100 na majaribio 4. Lainbeka, nafasi aliyocheza Muamba, ni mlinzi anayesimama nyuma ya yale mapande ya watu ya mstari wa mbele. Anasoma mchezo: akiona mpira umepewa mkimbiaji anamfuata na kumwangusha, akiona pasi inakuja anarudi nyuma kuiwinda. Ni kama kiungo mkabaji wa soka, ila huyu anakaba kwa bega na kifua.

Sasa hoja yenyewe. Ligi hii ina kanuni wanayoiita reshio. Kati ya wachezaji 24 wanaoanza, 12 wa kushambulia na 12 wa kulinda, kwa miaka mingi ilibidi angalau 7 wawe Wakanada. Tangu 2023 imekuwa 8, lakini mmoja wao anaweza kuwa Mmarekani aliyedumu timu moja miaka 3 au ligini miaka 5. Wapo wanaosema kanuni yote ifutwe, mwenye uwezo acheze. Mimi nasema ibaki, na huyo wa nane naye awe Mkanada kweli.

Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1989, akakulia Mississauga, jirani na Toronto. Alisoma St. Francis Xavier, chuo kidogo katika mji mdogo wa Antigonish, Nova Scotia, alikopita pia kaka yake Cauchy, aliyecheza ligi hii kama mlinzi wa nyuma. Vyuo vya Kanada vyenye timu ni 27 tu. Marekani ni mamia, na vingine vina viwanja vya kuingiza zaidi ya watu 100,000. Kocha ambaye kibarua chake kinaota nyasi kila Jumatatu atatazama wapi? Atatazama Texas na Florida. Bila kulazimishwa, Antigonish hataiona hata kwenye ramani.

Halafu itazameni safari yake. Mwaka wake wa kwanza timu ilifika fainali, ikafungwa na BC Lions. Mwaka 2013 tulifungua uwanja mpya na tukashinda michezo 3 kati ya 18, msimu wa aibu, lakini yeye peke yake aliangusha watu zaidi ya mara 100. Mwaka 2014 akaenda Indianapolis Colts, timu ya NFL, ile ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Akarudi Kanada: Montreal, Saskatchewan, Montreal tena. Mwaka 2019 akapewa tuzo ya Mkanada bora wa ligi nzima. Kisha Toronto. Toka siku ya kuchaguliwa hadi usiku ule wa Regina ni miaka 11. Mtu kama huyu anapikwa kwa moto wa taratibu, na moto huo lazima mtu auwashe.

Karibuni.

Kutoka Dar es Salaam

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapa umejifunga bao mwenyewe.

Unatetea nafasi za upendeleo kwa kumleta mtu aliyekuwa bora kuliko wote uwanjani, Wakanada na Wamarekani kwa pamoja! Huyo angecheza hata bila kanuni. Kanuni inamsaidia yule wa saba, anayeanza kwa sababu ya pasipoti yake, huku kijana wa Marekani aliyemzidi anarudishwa kwao. Huku kwetu ubishi wa wazawa na mapro hauishi vijiweni, na nimeona mzawa anavyobweteka akijua nafasi yake ipo tu. Jasho linapungua.

Na hilo neno mzawa nalo lina mtihani. Mzawa ni aliyezaliwa hapo. Wewe mwenyewe umesema Muamba kazaliwa Kinshasa. Kama mtoto wa Kinshasa anahesabiwa kwenye fungu la Wakanada, fungu hilo linamlinda nani hasa?

Tena mmesahau lainbeka mwingine, Solomon Elimimian. Amekulia Los Angeles, kwenye uteuzi wa NFL wa 2009 hakuna timu iliyomwita jina. Akaja BC Lions mwaka 2010 kama mgeni, hana nafasi ya kutengewa, akawa chipukizi bora wa ligi. Mwaka 2014 aliangusha watu mara 143, rekodi ya wakati huo, na akawa mtu wa kwanza wa ulinzi mtupu kupewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Huyo ndiye mfano wangu. Mlango ulikuwa mwembamba, akaupita.

Kutoka Lubumbashi

Bandugu, jambo. Mimi naomba kujibu moja tu, la mzawa.

Muamba ni jina la Baluba wa Kasai. Hapa Lubumbashi utalikuta kila mtaa. Kwa hiyo huyu kijana ni wetu, hakuna wa kutunyang'anya. Lakini ule mchezo hakuujulia Kinshasa. Kinshasa nani anaujua? Shule iliyomfundisha ni ya Kanada, kocha wa kwanza ni wa Kanada, baridi iliyompiga ni ya Kanada. Ligi haiulizi ulizaliwa wapi, na mimi nasema inafanya vizuri. Lukaku anapofunga kwa ajili ya Ubelgiji, wazazi wake ni Wakongomani na sisi tunafurahi, na Wabelgiji wanafurahi. Mtoto anaweza kuwa na nyumba mbili na asiibe hata moja.

Ndugu wa Dar, umeuliza fungu linamlinda nani. Linamlinda huyo hasa: mtoto wa mhamiaji, aliyekua ndani ya nchi, asiye na mjomba kwenye chama cha mpira.

Kutoka Edmonton

Nimewasoma wote. Mnabishana juu ya nani apite mlangoni, mimi nauliza ndani ya nyumba kuna nini.

Mwaka 2022 mshahara wa chini kwenye ligi hii ulikuwa dola 65,000 za Kanada kwa mwaka. Mwaka huohuo NFL kima cha chini kilikuwa dola 705,000 za Marekani. Sawa, 65,000 si haba kwa kijana. Lakini kazi yenyewe ni kugongana na watu wa kilo mia na ushee, msimu mzima wa michezo 18, na mkataba wako unaweza kuvunjwa wakati wowote.

Mimi nafanya kazi ghalani. Mgongo ukiteguka, kuna mfuko wa fidia ya wafanyakazi, nalipwa. Hawa wachezaji mfuko huo hauwahusu. Arland Bruce, aliyekuwa mpokeaji wa pasi hodari, aliifungulia ligi kesi kuhusu majeraha ya ubongo. Mahakama za British Columbia zikasema shauri hilo njia yake ni usuluhishi wa mkataba wa chama cha wachezaji, si mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kulisikiliza. Kabla ya mkataba wa 2019, matibabu baada ya jeraha yalihakikishwa mwaka 1 tu, ndipo yakapandishwa hadi miaka 3. Shingo iliyovunjika haijui mkataba.

Kaka mleta mada, una mtoto wa kiume. Unapigania atengewe kiti, lakini kiti chenyewe umekikagua miguu?

Jambo la pili. Ukitazama Wakanada wanaoanza, wengi wamepangwa kwenye ukuta wa mbele wa ushambuliaji, wale wa kumkinga kwotabeki. Makocha wanatimiza hesabu pale, kisha nafasi za kung'ara wanawapa Wamarekani. Hilo nalo mnaliita ulinzi?

Mleta mada

Dada wa Edmonton, umenigusa penye kidonda. Nitarudi kwako. Naanza na ndugu wa Dar, maana hoja yake ni nzito na watu wengi hapa Winnipeg wanaisema vilevile.

Kusema Muamba angecheza hata bila kanuni ni kumtazama wa 2022 na kumsahau wa 2011. Kijana aliyetoka chuo cha Kanada kwa kawaida huanzia kwenye vikosi vya mateke, vile vinavyoingia mpira unapopigwa kwa mguu, anakimbia uwanja mzima kumkamata mpokeaji, dakika chache za mchezo, wiki baada ya wiki. Hapo ndipo anazoea kasi ya watu wazima. Mmarekani wa umri uleule ameshacheza miaka minne mbele ya kadamnasi. Ukiwapima Juni ya mwaka wa kwanza, Mmarekani anashinda karibu kila mara. Ukiwapima mwaka wa tatu ni habari nyingine, lakini bila reshio hakuna atakayemlisha yule Mkanada hadi mwaka huo wa tatu.

Kuna jambo lingine ambalo makocha wanalijua sana na mashabiki hatulisemi. Nafasi ya lainbeka wa kati kwa desturi ni ya Mmarekani. Ukimpata Mkanada anayeiweza, umetimiza hesabu yako mahali ambapo wengine hawawezi, na unabaki huru kuweka Mmarekani popote unapotaka. Ndiyo maana Muamba alikuwa lulu. Kanuni haikumbebesha kocha mzigo wa mtu dhaifu. Ilimfanya kocha atafute Mkanada mwenye uwezo mahali asipozoea kutafuta, na akimpata amlipe vizuri. Andrew Harris, mzaliwa wa hapa Winnipeg, alifanya jambo kama hilo kwenye nafasi ya mkimbiaji, na kwenye fainali ya 2019 alibeba tuzo zote mbili kama alivyobeba Muamba baadaye. Kwa hiyo ukuta wa mbele, dada yangu, ni kweli ndipo wengi walipo, lakini si wote.

Na huyo Elimimian wako, ndugu, ninampenda. Lakini fuatilia hadithi yake mbele kidogo. Mwaka 2022 ndiye alikuwa rais wa chama cha wachezaji, walipogoma kwa mara ya kwanza tangu 1974. Mkataba wa kwanza ulioletwa ulikuwa unalegeza reshio, na wachezaji waliupigia kura ya hapana. Hiyo reshio ilikuwa moja ya mambo yaliyowakera. Ndani ya chama hicho Wamarekani nao ni wengi. Watu wanaobanwa na kanuni walikaa meza moja na wanaolindwa nayo, wakakataa pamoja. Sidhani walifanya vile kwa kuwaonea huruma Wakanada. Wanajua kwamba mwenye timu akipata watu wa bei rahisi wasiokwisha, mshahara wa kila mmoja unashuka.

Dada, sasa zamu yako. Nakiri kiti sikukikagua. Nilidhani ukishaingia ligini umefika. Mwaka jana mwanangu aliumia bega mazoezini, nikakaa naye hospitali usiku kucha, na swali nililojiuliza pale ndilo uliloniuliza leo. Nilikuwa nimelizika. Nakubaliana nawe kwamba mchezaji ni mfanyakazi, na kumweka nje ya mfuko wa fidia ni dhuluma. Ila sioni kwamba mambo haya mawili yanapingana. Kijana wa Manitoba au Mississauga akiumia, maumivu yake yanabaki hapahapa, kwenye jimbo lenye mbunge anayeomba kura ya mama yake. Mgeni akiumia anapandishwa ndege. Wakanada wakiwa wengi ndani ya timu, kelele ya fidia itasikika zaidi.

Kutoka Edmonton

Hiyo ya mwisho nimeielewa. Sijaikubali yote, maana Mmarekani aliyepandishwa ndege na shingo imevunjika naye ni mtoto wa mtu, na kelele yake ilipaswa kutosha. Lakini nimeielewa.

Kutoka Dar es Salaam

Kwenye mwaka wa kwanza na wa tatu umenipata, mkuu, sina jibu la haraka. Bado nasimama na wasiwasi wangu wa kubweteka. Mimi ningetaka nafasi hizo zitengwe kwa wachezaji wa miaka mitatu ya mwanzo, baada ya hapo kila mtu ashindane. Muamba wa 2019 asihesabiwe kwenye fungu, fungu likabaki kwa mtoto mwingine aliyeko Antigonish. Hilo unalionaje?

Mleta mada

Ndugu, pendekezo hilo sijawahi kulisikia na linanisumbua kwa wema. Naona hatari moja: mwaka wa nne kocha atamwacha Mkanada aliyemkuza na kuchukua mwingine mchanga ili atimize hesabu, na safari ya miaka 11 haitakuwepo tena. Lakini acha nilifikirie vizuri kabla sijalikataa.

Kesho kijana ana mchezo saa nne asubuhi, bega limepona, anacheza lainbeka wa kati. Nitarudi jioni kukujibu.