Mbunge wa jimbo na uwanja wa farasi wa Belmont: sisi majirani tunapata nini?

Nyumba_ya_Saba:
Habari zenu wadau, na wazee shikamooni. Naishi Elmont, New York, nyumba ya saba kutoka uzio wa Belmont Park. Tangu uwanja uanze kujengwa upya, vumbi haliishi dirishani kwangu. Asubuhi nafuta, jioni naweza kuandika jina langu kwa kidole. Juzi mbunge wetu wa jimbo katuletea kipeperushi: kofia za ujenzi, makoleo yanayong'aa, na maneno makubwa "manufaa kwa jamii". Naomba kuelimishwa. Mtu wa Albany, makao makuu ya jimbo, ana uwezo gani hapa? Farasi si wake, uwanja si wake.

Kijiwe_Bronx:
Dada, hiyo ni karatasi ya kura. Hawa wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili, lazima wapige picha. Fungia nayo vitumbua.

Mzee_wa_Turnpike:
Marahaba binti. Usiitupe bado hiyo karatasi.

Ardhi ya Belmont ni mali ya jimbo la New York. NYRA, wanaoendesha mbio, wana kibali tu, mwisho wake 2033. Hata UBS Arena, ule ukumbi wa michezo na matamasha hapo hapo Belmont, ulijengwa chini ya wakala wa maendeleo wa jimbo, kanuni za ujenzi za mji wa Hempstead zikawekwa kando. Kwa hiyo ukimlilia diwani unamwonea bure. Mwenye mpini ni Albany.

Chukua mfano wa kituo cha treni. Zamani Belmont ilikuwa na kituo cha msimu: siku za mbio treni zinakuja, mbio zikiisha geti linafungwa, na sisi tunarudi kubanana kwenye basi la n6 kwenda Jamaica, ile ya Queens. Nilikuwa nayasikia mabehewa yakipita nikiwa nimesimama kituoni na mwavuli. Mradi wa ukumbi ulipokuja, watu walijaa kwenye mikutano wakidai treni ya kila siku, na wawakilishi wakalipeleka dai hilo juu. Mwaka 2019 kikatangazwa kituo kipya. Upande mmoja ulifunguliwa Novemba 2021 pamoja na ukumbi, wa pili Oktoba 2022. Hayo ndiyo manufaa ninayoyaita manufaa: nayakanyaga kwa viatu vyangu.

Sasa huu ujenzi unaokutia vumbi. Mwaka 2023 bajeti ya jimbo iliwapa NYRA mkopo wa dola milioni 455. Mkopo huo usingepita bila kura za Bunge na Seneti, na siku ile ndipo mbunge alikuwa na nguvu ya kudai. Kura ikishapigwa, anabaki kuomba kwa hisani kama wewe na mimi. Kwa hiyo muulize: kabla ya kura ile, ulidai nini, na kimeandikwa wapi?

Akikutajia ile 30%, sikiliza vizuri. Ni lengo la jimbo la kupeleka mikataba kwa kampuni za wanawake na za jamii za wachache. Lengo zuri, lakini halisemi Elmont. Kampuni ya mji wa Buffalo, saa sita au saba kwa gari, inaweza kulijaza peke yake. (Na tusiwasahau watunza farasi wanaolala mule mule kwenye mazizi. Nao ni majirani, ila kipeperushi hakiwafikii.)

Ozone_Kusini:
Mzee umenena. Sisi huku Queens tuko jirani na Aqueduct, uwanja mwingine wa mbio za farasi. Mpango ni mbio za huku zihamie kwenu Belmont, na ardhi hii irudi mikononi mwa jimbo. Tumeshaanza kumsumbua seneta wetu mapema, kabla hakujawa na mchoro mezani.

Kijiwe_Bronx:
Haya, vitumbua nitafungia gazeti.

Nyumba_ya_Saba:
Mzee asante sana. Nimepiga simu ofisini kwake leo saa nne asubuhi. Nikauliza swali lako neno kwa neno. Kijana aliyepokea akanyamaza kidogo, akasema ataulizia na kunipigia Alhamisi. Kuhusu vumbi akataka picha. Nimemtumia nne. Ya kwanza ni sahani ya mwanangu, ilisahaulika barazani kutwa nzima.